Matembezi ya hisani ya lupus yaliwalaza wagonjwa wenyewe, mwaka huu tufanyeje?

dada_mkubwa aliuliza:

Habari zenu humu ndani. Nina jambo linanikaa rohoni tangu mwaka jana na sasa mwezi wa tano unakaribia tena, kamati imeshaanza kuitana, kwa hiyo naomba mawazo mapema kabla hatujarudia yale yale.

Mdogo wangu wa kike ana lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, huu mwaka wa tano tangu agundulike. Tuna kikundi, tuko 23 kwenye grupu la WhatsApp, wagonjwa ni 9 na sisi wengine ni madada, waume, mama zao na marafiki wawili watatu. Mwaka jana tukasema na sisi tusikae kimya tarehe 10 Mei, ile siku ya lupus duniani, tukaandaa matembezi ya hisani. Tisheti za zambarau zikachapwa, bango likachapwa, spika, maturubai mawili, maji, gari la huduma ya kwanza, yaani kila kitu kilipangwa ila hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza wale 9 kama wao wataweza kutembea.

Kuanza ilikuwa saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa, tukaondoka saa 4 na jua limeshawaka vizuri. Kati ya wagonjwa 9 walikuja 4. Mdogo wangu nilimkuta kasimama nyuma ya turubai na mwavuli wake, shati la mikono mirefu, kofia, kashika chupa ya maji haijafunguliwa. Nikadhani hana kiu. Kumbe vidole vimekaza, kifuniko kimemshinda na anaona aibu kuniita mbele za watu. Saa 6 kasoro MC anatangaza "wapambanaji wetu wapite mbele tupige picha ya kumbukumbu" basi wakapita, wakasimamishwa juani kama robo saa mpigapicha anapanga mistari, na mwavuli mdogo wangu akaambiwa aushushe manake unaziba jina la mdhamini.

Kesho yake uso ulikuwa mwekundu, mashavu yote mawili na juu ya pua, ule upele wa lupus wenye umbo la kipepeo, magoti yamevimba, homa juu. Wiki mbili na siku kadhaa hakuinuka. Na mwingine mmoja kati ya wale 4 akalazwa. Ile picha ilitoka nzuri mno, ndo kamati inataka iwe kwenye bango la mwaka huu.

Hela zilipatikana si haba, ila tulipokaa kupiga hesabu karibu nusu ilishamezwa na tisheti, spika na maturubai. Iliyobaki tukagawana sawa kwa sawa kwa wagonjwa 9, kila mmoja ikamsogeza miezi miwili hivi ya dawa na vipimo, baada ya hapo kimyaaa mpaka leo.

Sasa swali langu. Wenzangu ambao mna vikundi kama hiki, au nyie wagonjwa wenyewe, kitu gani mlifanya kikaleta hela na msaada wa kweli bila kumuumiza mtu? Na wadhamini nawaambiaje, manake kila ninayekwenda kwake na mdogo wangu anamwangalia juu mpaka chini afu anasema "mbona mzima huyu".

---

kipepeo_mchovu:

Dada pole, na mpe pole mdogo wako, hiyo ya kifuniko cha chupa nimeisoma mara mbili nikaangalia vidole vyangu. Mimi nina lupus mwaka wa 11 sasa.

Nianze na jua kwa sababu naona watu bado wanadhani ni suala la kuogopa kuungua au kuwa mweusi. Kwetu miale ya jua inaamsha ugonjwa wenyewe, sio ngozi tu, unaweza kukaa juani saa moja leo na kesho kutwa viungo au figo ndo vinalipa. Na mawingu hayakuokoi, na kivuli cha turubai jeupe lenye uwazi pande zote nne hakikuokoi sana. Hata dirisha la gari, kioo kinapitisha sehemu ya hiyo miale. Kwa hiyo shughuli ya lupus saa 4 mpaka saa 7 mchana nje ni sawa na kuwachangia wenye pumu kwa kuchoma majani makavu, nisamehe kwa ukali.

Fanyeni jioni jua likishatua, au ndani. Kama lazima watu watembee, watembee wao wenye miguu mizima, sisi tutawasubiri ukumbini tumekaa. Na viti jamani! Viti vyenye egemeo, sio mabenchi. Na choo kisiwe mbali wala kisiwe na ngazi, wengi tunakunywa dawa za kupunguza maji. Barakoa ziwepo mlangoni bila maswali, manake dawa nyingi tunazotumia zinashusha kinga makusudi kabisa, mtu anayepiga chafya jirani yangu kwake ni mafua ya siku 3 kwangu ni kitanda.

Halafu hilo la kuitwa mbele. Mi nilishaitwa "mpambanaji" nikapewa maiki nieleze nilivyoteseka, watu wakalia, hela ikaingia, nikarudi nyumbani najiona nimeuza kidonda. Baada ya hapo nilikaa mwaka mzima siendi kwenye kikundi chochote. Mtu akitaka kusema mwenyewe aseme, na aulizwe wiki moja kabla tena faragha, asiulizwe pale pale mbele za watu ambapo hawezi kukataa. Picha hivyo hivyo. Wengine hatujawaambia kazini, wengine hata ukweni hawajui. Hiyo picha ya bango mmewauliza wale wanne?

Kuhusu "mbona mzima huyu" mimi huwa najibu hivi, uchovu wa lupus sio ule wa kulala ukaamka mpya. Asubuhi unaamka na chaji ya asilimia 30 kama simu iliyochoka betri, kuoga inakula 10, kuvaa na kupanda ngazi 10, ukifika ofisini unaongea na watu vizuri umependeza, hawajui umebakiwa na 10 za kurudia nyumbani. Hakuna anayeona betri ya mwenzake. Wadhamini wengi wanaelewa hapo hapo kwa sababu kila mtu ameshawahi kubaki na asilimia 10 njiani.

---

mweka_hazina_mstaafu:

Nitaongea hela tu, hayo mengine mwenzangu hapo juu kamaliza.

Nimeshika daftari la kikundi cha aina hii miaka 6 (sio mgonjwa, ni mke wangu) na kosa lenu nililifanya mwaka wa kwanza kama lilivyo, mpaka tisheti. Lupus ni ugonjwa wa kila siku, vidonge kila siku, vipimo vya damu na mkojo kila baada ya miezi kadhaa, miaka nenda rudi. Huwezi kuulisha kwa shughuli ya siku moja. Hela ya mkupuo inaisha mkupuo.

Sisi tuliacha kutafuta wafadhili wakubwa tukaanza kadi za ahadi. Mtu anaahidi kiasi kidogo kila mwezi, kidogo kiasi kwamba hata akiwa na mwezi mbaya hakimuumi, na ahadi ni ya miezi 12 tu, ukiisha mwaka unaulizwa upya kwa heshima. Wengine wanaacha, hatuwafuatilii. Tulianza na watu 14, wengi walikuwa wafanyakazi wenzetu na majirani, sio matajiri. Shughuli ya tarehe 10 Mei tumeibakiza lakini kazi yake imebadilika, siku hizi hatuchangishi pale, tunagawa kadi. Mtu anatoka na kadi mfukoni na ujumbe wa kukumbushwa kwenye simu kila tarehe ya mshahara.

Kugawa sawa kwa sawa pia ndugu yangu hapana. Inaonekana haki ila haina macho. Yupo ambaye ugonjwa umetulia, anameza kidonge kimoja au viwili kwa siku na anafanya kazi, na yupo ambaye figo zimeguswa anahitaji vipimo mara kwa mara na dawa kali, ukiwapa sawa huyu wa pili umemwacha njiani. Tunacho kikapu cha aina mbili. Cha kwanza ni cha dawa za kila siku na nauli ya kliniki. Cha pili hakiguswi mpaka mtu alazwe au daktari aandike kipimo cha haraka. Na hatumpi mtu hela mkononi, tunalipa duka la dawa au maabara moja kwa moja tunachukua risiti. Mwanzo watu walinuna wakaona tunawadharau. Nikawaambia hata mke wangu halipwi mkononi, nikawaonyesha, yakaisha.

Akaunti iwe na saini 2 kati ya 3, na mmoja wa hao watatu awe mgonjwa. Kila mwisho wa mwezi skrinshoti ya stetimenti kwenye grupu, majina ya waliosaidiwa yasiwepo, andika namba tu, mgonjwa 4 vipimo, mgonjwa 7 nauli. Mwezi niliosahau kuweka kwa sababu ya msiba, ahadi 3 zilikatika bila neno. Hakuna aliyenituhumu, walinyamaza tu. Kimya cha mchangiaji ni kibaya kuliko matusi.

Tisheti: mtu aagize na alipe kwanza ndo ichapwe, bei iwe juu ya gharama kidogo. Asiyelipa avae nguo yake yoyote ya zambarau. Basi.

---

shina_la_uzima:

Poleni sana wagonjwa. Tatizo la lupus ni kinga ya mwili kushuka, mimi nina mchanganyiko wa asili wa KUPANDISHA KINGA umesaidia wengi, kwenye shughuli yenu naweza kuja na meza nikatoa asilimia 20 ya mauzo kwa kikundi. Nicheki inbox

---

nesi_wa_zamu:

Wewe hapo juu ngoja kwanza. Na dada mkubwa naomba usimcheki inbox.

Lupus sio kinga kushuka. Ni kinga kuchachamaa, walinzi wa nyumba wameacha kuangalia getini wamegeuka wanawapiga wenye nyumba, viungo, ngozi, figo, damu, wakati mwingine moyo na mapafu. Dawa tunazowapa kazi yake kubwa ni kuwatuliza hao walinzi, sasa wewe unaleta kitu cha kuwapandisha mori. Nimepokea wodini mtu aliyeacha vidonge vyake miezi 3 kwa ahadi kama hii, alikuja miguu imejaa maji, mkojo una povu kama la sabuni. Povu hilo ni protini inavuja, figo zimeshaanza kushindwa kuchuja. Kikundi chochote cha lupus kikishatangaza shughuli hawa wauzaji wanakuja wenyewe, na asilimia 20 yao inavutia kweli ukiwa na bajeti ndogo, kwa hiyo wekeni sheria mapema kwamba meza ya dawa za kuuza haipo, ya aina yoyote.

Wekeni meza ya kupima badala yake. Kupima presha na kupima mkojo kwa kile kijiti ni kitu rahisi na cha dakika 2, na ndo vitu vinavyokamata figo mapema kabla hajajisikia lolote. Ongeeni na wauguzi au wanafunzi wa uuguzi, wengi watakuja kujitolea. Ila pawe na pazia, na majibu apewe mwenyewe, sio kutangaziana.

Lingine ambalo vikundi vinafanya kwa upendo ila linanipa presha ni kuazimana vidonge. Naelewa lilikotoka. Mwaka 2020 wale wa haidroksiklorokwini watakumbuka, ghafla ikasemwa inatibu korona, watu wenye afya zao wakaibeba madukani, wagonjwa wa lupus wanaoitumia kila siku wakazunguka wanakosa. Baadaye utafiti ukaonyesha korona haitibu. Kipindi kile nilijua grupu moja watu walikuwa wanagawiana vidonge 5, 6, wavuke wiki. Siwalaumu. Lakini dozi yake inaangalia uzito wa mtu na hali ya figo zake, dozi ya mwenzio sio yako. Na steroidi, zile dawa za kutuliza kinga na uvimbe, ndo kabisa, usiazime, wala usiache ghafla eti zimekuisha, mwili ulishazoea kutoka nje haujui tena kutengeneza ya kwake, mtu anaweza kuanguka. Kikundi kiwe na orodha ya maduka ya dawa na mtu mmoja wa kupiga simu kuuliza yupi anayo, hiyo ndo azima nzuri.

Na kwenye kile kikapu cha mzee wetu mweka hazina ongezeni kipimo cha macho. Haidroksiklorokwini ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina, kwa hiyo macho yapimwe mwanzoni mtu anapoanza, na ukifika mwaka wa 5 iwe kila mwaka, mapema zaidi kwa mwenye shida ya figo. Hiki kipimo ndo cha kwanza watu kukiruka hela ikiwa ndogo kwa sababu wanaona vizuri tu. Ukisubiri mpaka usione vizuri umechelewa.

---

mume_wa_foleni:

Mimi sina utaalamu nina uzoefu wa foleni tu ndo maana ya jina.

Mke wangu kliniki yake ilikuwa anaondoka saa 11 alfajiri anachukua namba, anakaa mpaka mchana, akirudi hata kuvua viatu hawezi. Siku moja kaka yake akaenda kumshikia namba, yeye akafika saa 3 akaingia kwa daktari na nguvu zake zote, akaeleza vizuri mpaka daktari akabadilisha dawa. Tangu hapo kikundi chetu tukaweka zamu ya kushika foleni. Watu ambao hawana hela wanatoa asubuhi moja kwa mwezi. Tuna vijana wawili, mama mmoja mstaafu na mimi. Haina risiti haina stetimenti, na nakwambia ukweli hakuna mchango ambao umeguswa na kila mgonjwa kama huo. Wengine wanachukua watoto shule siku ambayo mama yao hawezi. Mwingine kazi yake ni kufungua makopo na vifuniko, anapita Jumamosi anafungua vyote analegeza anarudishia, nilikuwa namcheka mpaka niliposoma hiyo stori ya chupa ya maji.

Na sisi tunaouguza pia tuulizwe, nasema tu. Kila mtu akipiga simu anauliza mgonjwa anaendeleaje. Tulipoanza kukutana wauguzaji peke yetu mara moja kwa mwezi, saa moja tu, kuna baba alikaa vikao vitatu hajasema neno. Cha nne akasema mtoto wake wa kiume ana miaka 16 na kila grupu analomwingiza limejaa akina mama, dogo anatoka anasema baba huu ni ugonjwa wa wanawake. Ni kweli kati ya wagonjwa 10 wanawake ni kama 9, ila huyo wa 10 yupo. Msichape kila kitu "dada zetu wenye lupus".

---

hamasa_sio_kelele:

Naona wote mmelikalia kooni tembezi la watu, mimi nitalitetea.

Binti yangu alizunguka miaka 3. Mara aleji, mara baridi yabisi, mara "msongo wa mawazo mama, mpumzishe". Nywele zinakatika kwa mafungu, vidonda mdomoni hata havimuumi, uso ukipigwa na jua unawaka. Hakuna aliyeunganisha. Siku moja tunapita barabarani watu wa zambarau wanatembea wanapiga ngoma, foleni imesimama, kijana akatupitishia kikaratasi dirishani. Kikaratasi kina mistari 7 tu. Binti akakisoma kwa sauti, akafika wa 5 akanyamaza, akaniangalia. Tulienda wiki hiyo hiyo kuomba kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, na vingine, mwezi uliofuata tukawa na jina la ugonjwa.

Sasa mkiniambia yale matembezi yalikula nusu ya hela kwenye spika, sawa, ila hiyo nusu ilimfikia mwanangu. Mkifungia kila kitu ukumbini jioni na kadi za ahadi mtakuwa mnaongea na watu ambao tayari wanajua. Mimi mwenyewe neno lupus nililisikia mara ya kwanza 2017, Selena Gomez yule mwanamuziki alipoweka ile picha amelala kitanda cha hospitali ameshikana mkono na rafiki yake aliyempa figo. Watu wazima tulimjua kupitia watoto wetu, na bado sikuunganisha na aliyekaa chumba cha pili nyumbani kwangu. Ugonjwa usiojulikana hata dawa hazitafutwi kwa kasi, belimumab ilipopitishwa Marekani 2011 ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 bila dawa mpya iliyopitishwa kwa ajili ya lupus. Miaka 50!

Kwa hiyo tembeeni. Wasio wagonjwa ndo watembee, hapo naungana na kipepeo_mchovu. Na spika mpunguze, vikaratasi mzidishe.

---

kipepeo_mchovu:

@hamasa nimekuelewa mama, na nimefurahi kwa binti. Siwezi kubishana na kikaratasi kilichofika dirishani. Ninachokataa ni mimi kuwa ndo kikaratasi chenyewe.

Afu hicho kikaratasi chenu mlichopewa, weka humu hiyo mistari 7 kama bado unayo, ya kwetu ina kurasa 4 hakuna anayeisoma hata sisi.

---

hamasa_sio_kelele:

Ninacho kwenye Kurani yangu mpaka leo, kimekunjamana. Inasema kama una vitu kadhaa kati ya hivi kwa muda mrefu muulize daktari kuhusu lupus: uchovu usioisha kwa kulala, viungo kuuma na kuvimba hasa asubuhi, upele mashavuni na puani, ngozi kukataa jua, vidonda mdomoni visivyouma, nywele kukatika sana, mkojo wa povu au miguu kuvimba. Chini kabisa kwa maandishi makubwa, HAUAMBUKIZI. Basi, hakuna namba ya kuchangia wala jina la mgeni rasmi.

---

dada_mkubwa:

Nimerudi. Samahani nilikaa kimya siku 4, nilikuwa nasoma komenti zenu kwa sauti nyumbani, mdogo wangu amejilaza kwenye kochi ananiambia rudia hiyo, rudia hiyo.

Jana kamati ilikaa. Haikuwa rahisi, mwenyekiti alishamwahidi mdhamini ile picha. Nikauliza tu swali la kipepeo_mchovu, wale wanne waliulizwa? Kimya. Tukawapigia pale pale kikaoni. Wawili walisema haina shida, mmoja akasema alikuwa anangoja mtu amuulize tangu mwaka jana, kazini kwake hawajui. Wa nne ni mdogo wangu, akasema tumieni ila mkate mwavuli uonekane. Picha imeondolewa, mdhamini ataweka jina lake chini ya kikaratasi, na tumemnakili @hamasa ile mistari 7 ila tumeigeuza maneno kidogo.

Matembezi yapo, asubuhi mapema saa 12 na nusu mpaka saa 2, ya wasio wagonjwa, mgeni rasmi asipofika kwa wakati atatukuta njiani. Jioni ukumbini ndo wagonjwa wanakuja, viti vya egemeo, meza ya presha na mkojo na pazia (nesi mmoja kakubali, tunatafuta wa pili), kadi za ahadi mlangoni. Spika moja ndogo. Tisheti ni za kulipia kwanza, mpaka leo wameagiza watu 11 na mwaka jana tulichapa 200, hapo nimejionea aibu mwenyewe.

Kikwazo kimebaki kimoja. Saini ya tatu ya akaunti tulisema awe mgonjwa, wakampendekeza mdogo wangu, naye kakubali ila ananiuliza siku vidole vikigoma na saini isifanane na ya benki inakuwaje. @mweka_hazina_mstaafu nyie mlifanyaje hapo?

---

mweka_hazina_mstaafu:

Hilo lilitukuta, benki ilirudisha fomu mara 2. Aende siku ambayo mikono ni mibaya, sio siku nzuri, awape saini ya siku hiyo, na aombe dole gumba liwekwe kwenye faili kama njia ya pili. Beba barua ya daktari. Na mfungulie chupa ya maji kabla hamjaondoka.